Neno "run" nalifundishaje kwa vijana wa hoteli?

MwalimuWaKaskazini ameuliza:

Assalaam aleikum wadau, poleni na kazi.

Nafundisha Kiingereza jioni huku kaskazini Unguja. Wanafunzi wangu ni vijana wa hoteli: wasafisha vyumba, wa mapokezi, wapishi, na mabaharia wa boti zinazopeleka wageni kuzamia. Tunakaa barazani, tuna ubao mmoja na taa ya sola. Si darasa la mtihani. Mtu akitoka hapa saa mbili usiku, kesho asubuhi anakwenda kukutana na mgeni, na anachokijua ndicho kitakachomsaidia.

Kila wiki lazima mmoja aniulize kuhusu "run". Basi nikawapa kazi: kila utakapolisikia neno hilo kwa mgeni, liandike na sentensi yake nzima, na uandike mgeni alikuwa anafanya nini wakati anasema. Madaftari yamerudi na nayasoma kwa hamu kubwa, kwa sababu ni Kiingereza chenyewe, hakijapita kitabuni.

Wa vyumba waliandika hivi. "The tap's been running all night", mgeni anaonyesha bomba la bafuni. "We've run out of towels." "Could you run me a bath?" Na bibi mmoja aliyenunua khanga sokoni, akaifua pamoja na shati jeupe la mumewe: "The colour's run."

Wa mapokezi: "Sorry, I'm running late." "What time do the boats run?" "Who runs this place?" "Can someone run me to the airport?" Na hii iliyowashinda wote: "Could you run that by me again?"

Wa boti: "Is she running all right?", na anayeulizwa habari zake ni injini. Na siku ya maji mafu walipokaribia kugusa jiwe: "We nearly ran aground."

Sasa tazameni. Kamusi ndogo walizonazo vijana zinasema "kukimbia", basi. Lakini katika sentensi zote hizo hakuna hata moja yenye mtu anayekimbia. Kijana aliyehifadhi maana hiyo moja atasimama mbele ya mgeni kama hajasoma kitu, na amesoma.

Naomba msaada wa mambo mawili. Kwanza, nifundishe sentensi moja moja, au kuna shina la kuwashikisha? Sitaki kuwapa orodha ndefu ya kukariri, najua haitakaa. Pili, mtoto mmoja kaniuliza kwa nini wenyewe walilibebesha neno moja mzigo wote huu, na nataka nimjibu jibu la haki, si la kumnyamazisha.

---

KijanaWaMapokezi:

Mwalimu shikamoo. Mimi nipo mapokezi Arusha, na ushauri wangu ni sentensi nzimanzima. Mimi "running late" sikuijua kwa kuchambua "run". Niliijua kwa sababu kila asubuhi kuna mtu wa safari ananipigia kusema hivyo, na dereva yuko nje anasubiri. Unasikia, unajibu "no problem, I'll let the driver know", yameisha. Wapeni sentensi pamoja na majibu yake. Habari za shina waachieni wa chuo kikuu.

---

MzeeWaKamusi:

Bi Mwalimu, wa aleikum salaam. Nimefundisha lugha hizi mbili maisha yangu yote ya kazi, sasa nafasiri nyaraka nikiwa nyumbani Tanga, na swali lako limenifurahisha kuliko lolote nililosoma hapa mwaka huu. Kazi uliyowapa vijana ni ya watunga kamusi hasa. Kamusi kubwa ya Oxford ilijengwa vilevile: watu wa kawaida waliandika sentensi walizozikuta kwenye vitabu, wakazituma, wahariri wakazipanga.

Na kwa kuwa tumeitaja, mwambie huyo mtoto kwamba hata wenyewe neno hili limewatoa jasho. Katika toleo la pili la kamusi hiyo, la mwaka 1989, lenye juzuu 20, kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set", maana 430. Walipoanza kuihariri upya, "make" kikakipita mwaka 2000, kisha "put" mwaka 2007, na mwaka 2011 "run" kikavipita vyote kwa maana 645. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, kilimchukua zaidi ya miezi tisa. Kitenzi kimoja! Kwa hiyo kijana wa Nungwi akikwama hapo asijione mzito.

Nije kwenye shina. Kijana wa Mapokezi amesema kweli kwa upande wa mazoezi, lakini shina lipo na linafundishika barazani kabisa, kwa sababu Kiswahili chetu kinalionyesha vizuri kuliko Kiingereza chenyewe.

Kingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, kilikuwa na vitenzi viwili vya jamaa moja. Kimoja, "irnan", kilikuwa cha kitu kinachokwenda chenyewe: mtu anakimbia, maji yanatiririka. Cha pili, "ærnan", kilikuwa cha kukifanya kitu kiende, kama mtu anayemkimbiza farasi. Yaani walikuwa na pita na pitisha, enda na endesha, kama sisi. Baada ya muda sauti zikafanana, vitenzi vikamezana, likabaki neno moja linalofanya kazi zote mbili. Wajerumani mpaka leo wanavyo viwili: "rinnen" kwa maji yanayotiririka, "rennen" kwa kukimbia.

Hapo kuna majibu mawili kwa mpigo. La kwanza, maji ni mwenye mali tangu mwanzo. Watu hudhani miguu ndiyo yenye "run" na bomba limeazima. Sivyo. Mto na mtu walikuwa na kitenzi hicho tangu zamani hizo. Kinachowaunganisha ni mwendo usiokatika, basi. Bomba limeachwa usiku kucha, rangi ya khanga inachuja na kuingia kwenye shati, kamasi zinamtoka mtoto, boti zinakwenda na kurudi kwa saa zake, barabara inaambaa na pwani: vyote ni mwendo usiokatika.

La pili, ndilo la kufundishia. Kila wakikutana na "run" wajiulize: kitu gani kinakwenda, na je, kinakwenda chenyewe au kuna anayekipeleka? Kikienda chenyewe, Kiswahili kitataka kitenzi kitupu. Akiwepo anayekipeleka, mara nyingi Kiswahili kitataka kitenzi chenye mkia wa kusababisha. Mwingereza habadilishi kitu, sisi tunabadilisha mkia. "The buses run": mabasi yanakwenda. "They run buses": wanaendesha mabasi. "The cable runs through the wall": waya unapita ukutani. "Run the cable through the wall": pitisha waya ukutani. "Who runs this place?" ni nani anayeiendesha hoteli. "Run me a bath" ni nijazie maji ya kuoga, na sikiliza hapo: maji yanajaa, yeye anayajaza, na kwa sababu anamjazia mtu, mkia unaongezeka tena. "Run me to the airport", nisogeze uwanja wa ndege.

Waandikie ubaoni pande mbili, kinachokwenda na kinachopelekwa, kisha wazigawe wenyewe sentensi walizoleta. Watazigawa bila kukosea, maana mkia wa kitenzi kila mmoja wao aliunyonya kwa mama yake.

---

FundiMashine_Pwani:

Wakuu, mimi si mwalimu, natengeneza injini za boti, lakini hapa mmenigusa. Hao mabaharia wako Mwalimu waongezee mambo yafuatayo, yanaweza kuokoa injini ya mtu.

"Run dry." Injini ya boti inapozwa na maji inayoyavuta yenyewe baharini. Ndani ya pampu kuna mpira wenye mapanga unaozunguka. Ukiiwasha injini ikiwa juu, nje ya maji, ule mpira unasugua mkavu na unaungua haraka sana. Sasa mgeni anayejua boti akiona injini haitemi ule mchirizi wa maji pembeni atapiga kelele "You're running her dry!" Hapo zima kwanza, maswali baadaye. Wasichanganye na "dry run", maana hiyo ni zoezi tu: mnapitia hatua za kuokoa mtu majini kabla hajaanguka mtu. Maneno ni yaleyale, yamegeuzwa tu, na moja ni hasara na jingine ni busara.

"Running in" mtaikuta kwenye vitabu vya injini mpya vilivyoandikwa na Waingereza. Wamarekani wanaandika "break-in". Maana yake injini mpya haipelekwi kwa nguvu zote saa za mwanzo, kwa kawaida kama 10 hivi, mpaka vyuma vizoeane. Nimeona injini ya hela nyingi imeharibiwa wiki ya kwanza kwa sababu hakuna aliyefungua ukurasa huo.

Na "run aground" sisi watu wa pwani tuna neno letu, chombo kimepanda mwamba. Ikiwa kimekaa mchangani kwa sababu maji yamekupwa, kimepwelewa. Mwingereza yote kwake ni "ran aground", sisi tunatofautisha.

---

NesiUghaibuni:

Salaam kutoka Uingereza, niko wodi ya wazee. Nimesoma uzi huu wakati wa mapumziko na nina la kuchangia upande wa afya, kwa sababu mgeni akiumwa hotelini mtu wa kwanza kumwambia ni dada wa usafi.

Sisi tuliosoma Afrika Mashariki tulifundishwa kusema "running nose" na "running stomach". Ile ya pua wataielewa, ingawa wenyewe husema "runny nose". Lakini "running stomach" ni Kiingereza chetu. Nilipoisema kwenye wodi wenzangu walinitazama tu. Hapa mtu atasema "upset stomach", au "diarrhoea" mbele ya daktari, na akiwa na haya kidogo au anaongea na rafiki atasema "I've got the runs". Kijana akisikia "the runs" asifikirie mazoezi ya asubuhi. Huyo anahitaji maji safi na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na pengine daktari.

"She's running a temperature" maana yake ana homa. Vijana wengine watasema kila mtu ana joto mwilini, sasa habari iko wapi? Ni kwamba limepanda. Sentensi haisemi limepanda, lakini ndivyo kila mtu anavyoielewa.

Na wapishi msiwasahau! "I like my eggs runny." Anataka kiini kisiive, kikipasuliwa kitiririke. Nilipokuwa nafanya kazi za kantini kabla ya kusomea unesi, hili lilirudisha sahani nyingi jikoni.

---

MwalimuWaKaskazini:

Mungu awazidishie. Mzee, jana nimejaribu zile pande mbili na sentensi zote zikapata mahali isipokuwa tatu zilizotugawa barazani.

"We've run out of towels" kijana mmoja aliiweka upande wa kinachokwenda, akasema taulo ndizo zilizokwenda. Mwenzake akakataa, akasema anayetajwa ni sisi. Nikaona wote wana hoja.

Ya pili ni "I'm running late". Hakuna kinachotiririka hapo na hakuna anayepelekwa.

Na ya tatu nimeileta mwenyewe kutoka kwenye taarifa ya habari, "a run on the bank". Nilitaka kuwapa neno likiwa jina, nikaona nikuulize kwanza.

Halafu kuna jambo nataka kuwaambia wote. Kabla ya kuanza niliwaandikia ubaoni piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga picha, piga kura, piga deki, piga magoti, piga mbizi, piga chafya, piga hodi. Nikawaambia jifanyeni mnamfundisha mgeni. Walihangaika, maana kwa Kiingereza kila moja ina kitenzi chake. Binti mmoja akasema, basi mgeni naye akifungua kamusi yake ataona piga ni kumchapa mtu! Baada ya hapo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini Waingereza wanafanya hivi. Wameona lugha zote zina vitenzi vya kubeba mizigo, na chetu tunacho.

---

MzeeWaKamusi:

Umefundisha, Bi Mwalimu. Hilo la piga ningelitumia tangu mwaka wa kwanza wa kazi kama ningelifikiria.

Taulo: vijana wote wawili wako sahihi, na Kiswahili kinawapatanisha. Sema "taulo zimetuishia", taulo ndizo zinazokwenda. Sema "tumeishiwa taulo", sisi ndio tunaotajwa. Tunazo njia zote mbili. Mwingereza naye anazo: "the towels have run out" na "we've run out of towels". Mkataba pia uko hivyohivyo, na hili wafundishe mapema kwa sababu linahusu riziki yao. "Your contract runs to the end of March" ina maana unaendelea mpaka mwisho wa Machi. "Your contract runs out in March" ina maana Machi unakwisha. Tarehe inaweza kuwa ileile, lakini akiambiwa ya pili aanze kuulizia habari za kuongezewa.

"Running late": chukua "run" pale kama kuwa katika mwendo, na "late" ndiyo hali ya mwendo huo. Treni ilikuwa inasemwa hivyo, iko njiani na iko nyuma ya saa. Mtu naye akasemwa vivyo hivyo. Karne ya 19, enzi ya mvuke na reli na viwanda, ndiyo iliyolipa neno hili kazi mpya nyingi, kwa sababu ghafla dunia ilijaa vitu vya kwenda bila miguu na watu wa kuviendesha. "Run a business" nayo ni ya wakati huo.

Benki sasa. Hapo maana ya mtu na miguu yake imerudi: wateja wanakimbilia benki kutoa fedha kabla wenzao hawajazimaliza. Uingereza iliwatokea Northern Rock, Septemba 2007, watu wakapanga foleni barabarani. Marekani iliwatokea Silicon Valley Bank, Machi 2023, na wengi wao hawakusogeza hata mguu, walitumia simu na kompyuta, zikatoka dola bilioni 42 kwa siku moja. Neno ni lilelile, ingawa wa pili walikuwa wamekaa.

Na angalia kitenzi nilichotumia: kukimbilia. Wape vijana mfano wa mvua. Nakimbia mvua, naikwepa. Nakimbilia mvua, naifuata, labda nimeitandikia ndoo. Nakimbiza kuku, kuku ndiye mwenye mbio na mimi niko nyuma yake. Mwingereza hapo kitenzi hakigusi, anabadilisha vijineno vya nyuma: "run from", "run to", "run after". Kwa hiyo baada ya maswali yale mawili ongeza la tatu: kijineno gani kinafuata? "Run into" mtu ni kukutana naye bila ahadi, lakini gari likifanya "run into" ukuta limeugonga. "Run over" mbwa ni kumkanyaga. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa mkia au kwa kubadili kitenzi chenyewe. Usiwape vyote. Wape "out", "into" na "over", vingine wataviokota kazini.

Uchaguzi nao ukija: Mmarekani husema "run for president", Mwingereza anayetaka ubunge husema "stand for Parliament". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na sisi tunagombea.

---

KijanaWaMapokezi:

Mzee nimekubali, shina lina kazi yake. Ila bado hamjamjibu Mwalimu ile ya "run that by me again", na hiyo kwenye kaunta ndiyo inayokuja kila siku.

---

MzeeWaKamusi:

Umenikumbusha vema, kijana wangu. "Run that by me again" ni nipitishie tena. Maneno ndiyo yanayopelekwa, yanapitishwa mbele ya msikilizaji mara ya pili. Upande wa kinachopelekwa, kijineno "by". Mgeni hajakasirika wala hasemi umekosea, ameomba urudie. Mara nyingi ni bei au saa imemchanganya. Kijana asirudie sentensi ileile kwa sauti kubwa zaidi. Arudie polepole, aanze na saa, kisha bei, kisha mahali pa kukutania, na akiweza amwandikie kwenye karatasi.